Njahi Zisizo na Tundu

Mkebe ulikuwa wa kijani, umeingia kutu mdomoni, na ulikaa chini ya kitanda changu hapa Waithaka kwa miaka mingi. Karatasi yake ilikuwa imechanika zamani, kikabaki kipande chenye picha ya fuvu la kichwa, na hata hilo fuvu meno yalikuwa yamefutika. Sikuliogopa. Nilikuwa nimelizoea jinsi mtu anavyozoea picha ya babu mkali ukutani.

Aliuleta marehemu mzee wangu, baba watoto, kutoka shamba la kahawa alikokuwa akipiga dawa. Dawa ile ilikatazwa na serikali, halafu shamba nalo likauzwa, stoo ikaachwa wazi, na kila mfanyakazi akabeba alichoweza. Mmoja alibeba toroli. Mwingine alibeba dirisha zima na vioo vyake, akatembea nalo mpaka kwao, na njiani watu wakawa wanamsalimia kupitia kioo. Wangu akabeba mkebe wa unga mweupe. Akaniambia, "Mama, nimekuletea kitu. Hii ndiyo dawa yenyewe, si hizi za duka." Nilimgombeza siku nzima kwa sababu mimi nilitaka toroli. Na toroli ingetufaa, mpaka leo nasema hivyo.

Lakini nilianza kwa mkebe kwa sababu ya njahi, kwa hivyo wacha nizieleze, maana wengine hawakuzaliwa katika njahi. Ni maharagwe meusi, yana mstari mweupe mgongoni. Kwetu mwanamke akizaa hupikiwa hizo, zikapondwa na ndizi au viazi, akala mpaka akatae, na akikataa anaongezwa. Ndizo zinazoteremsha maziwa. Mimi nilikuwa nauza nafaka Ngara, kibanda kidogo upande wa maduka ya jumla, na njahi za kibandani zilikuwa kama za kila mtu: zingine nzima, zingine zina tundu la fukusi, zinauzwa haraka zikiisha zinaletwa zingine. Hizo sikuzitia dawa. Nisingepoteza dawa yangu nzuri kwa watu wa Ngara wanaoshika kila kitu na hawanunui.

Nyumbani nilikuwa na njahi nyingine, ndani ya pipa. Nililiita pipa la wazazi. Kila baada ya mavuno nilikaa mlangoni, miwani puani, nikachagua njahi moja moja, kubwa na zinazong'aa. Hizo zilikuwa za mabinti zangu wakizaa, za wake wa wanangu, na za akina mama wa kikundi chetu cha kanisa. Nilimwaga kwenye pipa, nikatia vijiko viwili vya ule unga mweupe, nikakoroga kwa mkono, nikafunika. Mwaka mzima hakuna mdudu aliyethubutu. Wakati wa kupika nilikuwa naziosha kwa maji matatu, na maji ya tatu yalikuwa safi ya kunywa. Watu walinisifu. Waliokwenda kumwona mzazi walisema, "Hizi ni za yule mama, hazina tundu," nami nikajifanya sijasikia ili waseme tena.

Basi kifungua mimba wa kitinda mimba wangu alizaliwa mwaka wa pili au wa tatu baada ya serikali kubadilika. Mtoto wa kiume. Kwa mila yetu alichukua jina la mzee wangu, kwa hivyo kwangu yeye ni mume. Mama yake ni Mkamba, msichana wa ofisi, alikuwa anapiga chapa barua huko katikati ya jiji, orofa ya saba, na alikuwa na mdomo, mimi nampenda mtu mwenye mdomo. Mwanangu alikuwa dereva wa lori la Mombasa, anaonekana siku mbili kwa wiki, kwa hivyo nyumba ilikuwa ya sisi wawili na mtoto.

"Shosho, hizi maharagwe zina ladha ya udongo," aliniambia siku ya kwanza, akiniita nyanya kwa lugha yetu.

"Si maharagwe. Ni njahi. Kula."

"Kwetu mzazi hupewa supu na uji, anapona."

"Anapona, lakini maziwa yako wapi? Huyu ni mzee mzima, ana njaa tangu alipokufa."

Akacheka, akala. Wiki ya pili alikuwa anadai mwenyewe. Maziwa yalikuja mpaka yanalowesha blauzi. Akawa ananiita kutoka chumbani, "Shosho, njoo umchukue mume wako, ameninyonya mpaka mgongo umeuma!" Nami namjibu, "Mvumilie, hata zamani alikuwa hivyo hivyo." Tulikuwa tunacheka kama watu wawili wasiotiana adabu.

Mtoto alipofika miezi miwili tulimpeleka kliniki kudungwa sindano. Pale tukakuta msichana mgeni, amevaa koti jeupe refu kumzidi, ana sanduku la barafu na chupa ndogo za kioo. Alikuwa anatafuta akina mama waliozaa mara ya kwanza, wampe maziwa kidogo yakapimwe. Mke wa mwanangu alikubali kabla hajamaliza kuulizwa. Alikuwa na maziwa ya kugawa, na alijivunia.

Tukakaa kwenye benchi. Yule msichana akafungua fomu, akatueleza kwanza. Alieleza vizuri, kwa Kiswahili cha kueleweka. Alisema kuna dawa za zamani za wadudu ambazo mtu akishazila hazitoki kwa choo wala kwa jasho. Zinaingia kwenye mafuta ya mwili, zinakaa humo miaka na miaka. Na mafuta ya mwili ndiyo yanayotengeneza maziwa. "Mama akinyonyesha," akasema, "zinapata mlango."

Nilisikia baridi kwenye miguu, na ilikuwa saa tano mchana.

Akaanza kuuliza. Ulizaliwa wapi? Mlilima nini? Unakula samaki? Nyama? Mke wa mwanangu akajibu haraka haraka. Baba yake aliwahi kulima pamba, alipiga dawa, naam, walikuwa watoto, walicheza humo. Yule msichana akaandika. Kisha akauliza anakula nini tangu ajifungue, naye akasema njahi, kila siku njahi, muulize huyu, na wote wawili wakanigeukia.

"Unazihifadhi na nini, shosho?" msichana akauliza. "Kuna watu bado wana ule unga mweupe uliokatazwa."

"Majivu," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe. Sikulituma. Mke wa mwanangu akaongeza, "Hata kwetu ni majivu," akaniangalia kwa mapenzi, kana kwamba siku hiyo Mkikuyu na Mkamba wamekuwa kitu kimoja. Msichana akaandika: majivu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini neno majivu naweza kulisoma hata limepinduliwa, na nililisoma pale kwenye goti lake.

"Majibu yangu nitapata lini?" mke wa mwanangu akauliza.

"Hutapata, mama. Maziwa yenu yatachanganywa na ya wengine wengi, yapimwe pamoja. Sisi tunataka kujua ya nchi. Lakini wewe nyonyesha, usiwe na wasiwasi. Nitarudi Alhamisi ijayo kukusanya chupa zilizobaki."

Hayo ya mwisho aliyasema huku watoto wanadungwa, kelele ni kama sokoni, na mtu aliyeshikwa na hofu hasikii neno usiwe na wasiwasi. Analisikia neno wasiwasi.

Jumatatu mke wa mwanangu alikwenda mjini kuuliza ofisini atarudi kazini lini. Alikwenda akiwa mtu, akarudi akiwa mwingine. Alipita saiba, kwenye zile kompyuta za kulipia, akalipia nusu saa, akasoma. Alisoma kwamba mama hutoa sumu yake kupitia maziwa, na kwamba mtoto wa kwanza ndiye hupata nyingi. Alifika nyumbani, mtoto analia akitafuta kifua, naye hakumchukua. Alikwenda moja kwa moja kwenye karai la kuoshea vyombo, akafungua blauzi, akajikamua humo. Maziwa mengi. Nilisikia yanapiga bati.

"Unafanya nini wewe?"

"Namwaga sumu, shosho."

Alikuwa amenunua maziwa ya mkebe na chupa yenye chuchu ya mpira. Mzee wangu akaionja ile chuchu, akaisukuma kwa ulimi, akatuangalia mmoja mmoja kama mtu aliyetapeliwa. Akalia mpaka akalala. Akaamka, akalia. Jumanne alikunywa kidogo, akatapika. Baadaye tumbo likafunguka, nepi baada ya nepi, maji matupu. Jumatano utosi ulikuwa umeingia ndani. Mtu akizaa watano anaujua huo utosi. Nilizika mmoja kwa sababu ya utosi wa hivyo, sitaki kuongea juu yake.

"Mnyonyeshe," nikamwambia. "Nakuomba. Yule msichana alisema unyonyeshe."

"Anaambia kila mtu hivyo. Yangu anayajua? Ni baba yangu na pamba yake. Nimejaa, shosho. Nimejaa tangu utotoni, nilikuwa sijui." Alikuwa analia huku anakoroga maziwa ya mkebe. "Ningejua inatoka wapi ningeziba huko. Sijui inatoka wapi. Kwa hivyo nimeziba hapa." Akajipiga kifuani.

Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kitanda, na mkebe uko chini yangu, visigino vyangu vinaugusa.

Nitasema ukweli kwa sababu umri wangu hauna la kuficha. Sikunyamaza kwa sababu ya aibu peke yake. Niliogopa kwamba nikisema, atafunga mtoto mgongoni aende kwao Ukambani, na mzee wangu nitamkosa mara ya pili. Mchana huo wa Jumatano nilitoa mkebe nikaenda nao mpaka chooni, nikafungua kifuniko cha shimo. Nikasema nautupa, nitasema njahi zimeisha, hakuna atakayejua. Nikasimama pale. Halafu nikaanza kufikiria shimo letu, lilivyo karibu na mto ule wa chini, na wale wanaomwagilia sukuma wiki kwa maji yake, na sukuma hizo ndizo mimi mwenyewe hununua. Nikaona kumbe kitu hiki hakina pa kutupwa. Kila nikigeuka naona mdomo wa mtu.

Na nikakumbuka mengine. Mzee wangu alikuwa anatoka shambani nyusi zikiwa nyeupe, ananikumbatia na mtoto akiwa katikati, ananyonya. Ule unga nilipaka vichwa vya watoto kwa chawa. Nilimwaga kwenye magodoro kwa kunguni. Watano niliwanyonyesha hivyo na hakuna aliyenijia na chupa ya kioo. Nikajiuliza walinyonya nini. Nikarudisha mkebe ndani.

Alhamisi asubuhi mke wa mwanangu alikataa kwenda kliniki. Alikuwa ameshika mtoto ambaye sasa halii, na hilo ndilo lililonitoa. Mtoto anayelia bado anadai. Huyu alikuwa ameacha kudai. Nikamwambia, "Mkorogee maji na chumvi na sukari, mpe kwa kijiko, usiache. Nakuja." Nikatia mkebe ndani ya kiondo, nikaufunika kwa leso, nikaondoka kwa miguu. Kila aliyenisalimu nilimpita mbali, nikiogopa atagusana na kiondo.

Yule msichana alikuwa amefika, anapanga chupa kwenye barafu. Sikumsalimia. Niliweka kiondo kwenye meza, nikatoa leso.

"Ile fomu," nikasema, "ambapo uliandika majivu. Futa."

Aliangalia mkebe. Akarudi nyuma hatua mbili, koti likanasa kwenye kiti. "Funga, shosho! Usifungue! Umetoa wapi?"

Nikamwambia. Pipa, vijiko viwili, maji matatu. Nilitegemea anipigie kelele, lakini alivaa glavu, akaufunga mkebe kwa karatasi za nailoni tatu, ndipo akakaa. Alisema maji hayaoshi kitu kile. Kinashikana na chakula, kinashikana na mafuta. Kisha akauliza, "Na mtoto?"

"Hanyonyi tangu Jumatatu. Mama yake anamwaga. Anaharisha. Utosi umeingia."

Hapo ndipo aliposimama, na nikaona kwamba mkebe haukumtisha kama hilo lilivyomtisha. "Sikiliza," akasema, na alinishika bega kama mimi ndiye mtoto. "Njahi hizo asile tena hata moja. Lakini kilichomo ndani ya yale maziwa hakiwezi kumuua mtoto wiki hii. Kuharisha kunaweza. Maziwa ya mama yake bado ndiyo bora kwake, hata baada ya haya yote. Amnyonyeshe sasa hivi, halafu mlete hapa leo leo. Nani atamwambia, ni mimi au ni wewe?"

Nilitaka kusema wewe. Mungu ananijua, nilitaka sana.

"Mimi," nikasema.

Njia ile ya kutoka kliniki ni fupi, lakini siku hiyo niliitembea nikapata nafasi ya kutunga uongo kumi, na mmoja ulikuwa mzuri kabisa, nilimtwika marehemu. Nilipoingia, mke wa mwanangu alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, kijiko mkononi. Uongo ukanitoka kichwani wote.

"Si pamba ya baba yako," nikamwambia. "Ni njahi. Ni mimi. Nilizitia dawa ya marehemu, ile iliyokatazwa. Nilidanganya kule."

Aliniangalia.

"Sasa umejua inapotoka. Pipa nitalifunga na njahi zake hutazila tena. Ziba huko. Fungua hapa."

"Alisema ninyonyeshe?" Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Alisema sasa hivi. Alisema kuharisha ndiko kutamuua, si maziwa yako. Alisema bado ndiyo bora, hata baada yangu."

Alinigeuzia mgongo, akafungua blauzi. Mimi nikabaki nimesimama na kiondo kitupu. Mtoto aliweka mdomo, akauondoa. Siku tatu za mpira zilikuwa zimemsahaulisha, au alikuwa hana nguvu. Mama yake akamkamulia tone kwenye mdomo. Akalamba. Akakamua tena. Nilijisikia naomba, lakini sikuwa namwomba Mungu, nilikuwa namwomba mzee wangu kwa jina lake, kama zamani nilipokuwa namwamsha kwenda kazini. Amka, kumekucha, amka. Halafu nikasikia ile sauti ya mtoto akimeza. Moja. Kimya. Moja tena. Halafu zikafuatana.

"Toka nje," mke wa mwanangu akasema bila kugeuka. "Wewe, toka nje."

Nikatoka. Nilikaa kando ya karai mpaka waliponipita wakielekea kliniki, na sikuitwa niandamane nao.

Mtoto alipona. Wiki mbili akawa mtu. Pipa lilichukuliwa pamoja na mkebe, sijui vilipelekwa wapi, watu wa kliniki walisema kuna mahali. Nilikwenda kwa akina mama wa kikundi, nyumba kwa nyumba, nikawaambia wamwage njahi zangu zilizobaki, wamwage kwenye mfuko wasitupe mtoni, na kila mlango nilirudia kisa chote. Mmoja alinifukuza. Mwingine alicheka, akasema yeye amezila kwa uzazi wa mara nne na watoto wake wanapita mitihani. Huyo ndiye aliyenisumbua zaidi, kwa sababu huenda ni kweli na huenda si kweli. Hakuna anayejua. Hata yule msichana hakujua.

Mke wa mwanangu hakwenda Ukambani. Alibaki, lakini kwa miaka miwili hakula kilichotoka mkononi mwangu, hata chai. Na hakuniita shosho. Aliniita wewe, au alimtuma mtoto. Sikulalamika.

Halafu akapata mimba ya pili, akazaa msichana. Kwa mila msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa baba, kwa hivyo mtoto ni mimi. Nilidhani watalikwepa. Hawakulikwepa. Siku ya tatu nilikuwa mlangoni kwangu na ungo, napepeta njahi za kibandani, nikamwona amekuja polepole, ameshika kiuno, mtoto amemfunga kifuani. Akasimama juu ya ungo. Nikaona aibu, maana zilikuwa njahi za hovyo, nusu zimetobolewa.

Akainama, akachukua moja yenye tundu, akaitia kiganjani. Fukusi akatoka, akatembea kwenye kidole chake, mzima kabisa, ana haraka zake.

"Huyu anaishi humu ndani?"

"Humo humo. Yeye na ukoo wake."

"Na anakula?"

"Anakula mpaka amenenepa. Si unamwona."

Alimtazama mpaka akafika ukucha, akampuliza. Akaniangalia usoni, mara ya kwanza tangu Alhamisi ile.

"Basi nipikie hizi, shosho. Za huyu."

Nikapika. Alikula pale pale jikoni, anatema zilizokuwa na tundu kubwa zaidi na kunitukana kwa Kikamba, na mimi mdogo, wa siku tatu, nikawa nanyonya kifuani pake.